Tangu niweke Audacity nyeusi vipindi vyangu vinatoka na sauti kubwa. Je, themu inaweza kusababisha?

MhaririKandaZiwa
Wakuu, salamu. Nahariri vipindi kwenye redio jamii moja huku Kanda ya Ziwa: mahojiano ya wakulima, uchambuzi wa magazeti, mara chache mchezo mfupi wa redio. Natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwenye laptopu ya zamani yenye Windows. Mwezi uliopita niliingia Edit, Preferences, Interface, nikatoa themu ya rangi ya Light (nyeupe) nikaweka Dark (nyeusi), maana macho yalikuwa yananiwasha nikifanya kazi usiku. Macho yametulia, nashukuru. Lakini fundi mitambo wetu kanifuata, anasema vipindi vyangu sasa vinaingia kwenye mikisa na sauti kubwa kuliko vya wenzangu, zamu yangu ikifika inambidi ashushe. Zamani hakuwahi kulalamika. Maiki ni ile ile, chumba ni kile kile, hatua ni zile zile: nasafisha mvumo, nakata, nainua sauti za wageni wanaoongea taratibu, Compressor kidogo (ya kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), Normalize ya kufikisha kilele desibeli hasi 1, natoa faili la WAV. Mimi naamini ni themu. Nani amewahi kukutana na hili, na rangi inaifikiaje sauti?

BitiKali255
Mkuu, haiwezekani. Themu ni picha za vitufe na rangi za mandharinyuma, basi. Sauti ni namba zilizo ndani ya faili, na hizo namba hazijui kama kioo chako ni cheusi au cheupe. Fanya jaribio: toa kipindi kimoja mara mbili, mara ya kwanza ukiwa kwenye Light, mara ya pili Dark, halafu linganisha faili. Zikifanana biti kwa biti, mjadala umekwisha.

Sikio_la_Tatu
BitiKali jaribio lako ni zuri ila lina shimo. Audacity ikitoa faili ya biti 16 kutoka kwenye mradi wa biti 32, kwa kawaida inachanganya mnong'ono mdogo wa makusudi uitwao diza, ili kupunguza mikwaruzo ya kukata tarakimu. Mnong'ono huo ni wa kubahatisha. Kwa hiyo unaweza kutoa faili mbili ndani ya themu ile ile, bila kugusa kitu, na bado zisifanane biti kwa biti. Azime diza kwenye Preferences, sehemu ya Quality, au atoe kwa biti 32 za floti. Hapo ulinganisho utakuwa wa haki.

Na hata zikifanana, swali lake linabaki. Hajauliza kama themu inabadili faili iliyokwisha kuhaririwa. Anauliza mbona kazi ya mikono yake imebadilika. Kati ya sauti na faili yupo mtu, na mtu huyo anatumia macho.

BitiKali255
Kuhusu diza uko sahihi, asante. Ila Normalize yake inaishia hasi 1. Kilele kipo pale pale hata akihariri amefumba macho. Ukubwa umetoka wapi?

DadaMawimbi
Kilele na ukubwa ni vitu viwili, kaka. Kofi moja mbele ya maiki linagusa hasi 1, na mtu anayeongea muda wote karibu na hasi 1 naye anagusa hasi 1. Ukiwasikiliza, mmoja kelele yake ni ya mara moja, mwingine amekushika masikio kipindi kizima. Ndiyo maana watu wa utangazaji Ulaya mwaka 2010 walitoa kanuni ya EBU R128 inayopima ukubwa unaosikika kwa kizio kiitwacho LUFS, lengo likiwa hasi 23, badala ya kuangalia vilele peke yake. Audacity nayo ina Loudness Normalization, ya kusawazisha ukubwa huo, tangu toleo la 2.4 la mwaka 2020.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye uzi: unaposema "nainua sauti za wageni", unainua kwa sikio au kwa kutazama wimbi?

MhaririKandaZiwa
Dada, kwa kutazama zaidi. Natumia ile zana ya Envelope, namvuta mgeni mpaka wimbi lake likaribiane kimo na la mtangazaji. Usiku hedifoni naivaa sikio moja, jingine nasikilizia jenereta.

Sikio_la_Tatu
Basi ndipo penyewe. Wimbi la Audacity lina rangi mbili: ya nje inaonyesha vilele, ya ndani iliyofifia inaonyesha wastani wa nguvu ya sauti. Sikio linafuata zaidi ile ya ndani. Ukibadili themu, tofauti kati ya rangi hizo mbili inabadilika pia. Kama kwenye kioo chako cha zamani ile ya ndani inamezwa na giza, unabaki kulinganisha vilele tu. Mgeni mwenye sauti nzito isiyo na vilele atainuliwa kuliko anavyostahili, na Compressor ikija juu yake wastani wa kipindi kizima unapanda. Themu haijagusa sauti. Imekunyima kipimo ulichokuwa unakitumia bila kukitaja.

KijanaKisauni
Mimi ninaona kinyume. Kitu cheupe juu ya weusi huonekana kikubwa kuliko kitu cheusi juu ya weupe, hata vikilingana. Jambo hili la zamani sana, Galileo alilizungumza kuhusu sayari zinavyoonekana kubwa kwa macho matupu, Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, naye akaliandika karne ya 19. Sasa kwenye Dark wimbi lina mwanga kuliko pale lilipo. Jicho litaliona nene. Angepaswa kuinua kidogo kuliko zamani, na vipindi vitoke vya chini. Lakini yeye vinatoka vikubwa! Maelezo ya Sikio hayakai.

Sikio_la_Tatu
Hoja yako ni nzuri ila mtangazaji naye ananenepa kwa kipimo hicho hicho, yuko kwenye themu ile ile. Yeye analinganisha mmoja na mwingine. Kunenepa kwa wote hakubadili uwiano.

KijanaKisauni
Hakubadili uwiano kama wimbi zote mbili ni nene. Wimbi jembamba likiongezewa ukungu wa mwanga linanenepa kwa sehemu kubwa zaidi ya umbo lake kuliko wimbi pana. Mgeni wa taratibu ndiye mwembamba. Nashikilia pale pale.

MzeeWaUtepe
Vijana, hamjambo. Nilikaa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) Barabara ya Pugu enzi za utepe. Tulikuwa tunakata kwa wembe, tunaweka alama kwa penseli ya nta, tunaunga kwa gundi ya karatasi. Hakukuwa na wimbi la kutazama. Unashika magurudumu kwa mikono miwili, unauzungusha utepe taratibu mbele ya kichwa cha kusomea mpaka unasikia mwanzo wa neno, hapo ndipo unatia alama. Kitu pekee cha kutazama kilikuwa sindano ya VU, kipimo cha ukubwa wa sauti.

Na hiyo sindano ina habari inayohusu mada yenu. Kipimo cha VU kilipokubaliwa Marekani mwaka 1939, kati ya mashirika ya redio na watu wa simu, waliamua mpaka rangi ya uso wake: krimu, si nyeupe kabisa, ili mtu aitazame zamu nzima bila kuchoka. Watu wazima walikaa mezani kujadili rangi ya mandharinyuma ya kipimo cha sauti. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba rangi ni urembo.

DadaMawimbi
Shikamoo mzee. Hii ya krimu nimeipenda mno.

MzeeWaUtepe
Marahaba mwanangu. Mwambie na huyo kijana avae hedifoni masikio yote mawili.

NgomaBukavu
Jambo ndugu zangu. Naomba kuuliza kitu cha karibu: mimi pia nimeweka Dark, lakini mstari wa juu wenye File, Edit, Select umebaki mweupe pepe. Nimejaribu yote. Ni tatizo la kompyuta yangu?

FundiLaini
Ndugu, hapana. Vitufe, traki na rula vinachorwa na Audacity yenyewe, ndiyo maana vinatii themu. Menyu na fremu ya dirisha vinachorwa na Windows. Hapo kwenye Interface kuna kisanduku cha kuchanganya themu na mfumo wa kompyuta, jaribu kukitia na kukitoa uone, lakini menyu usiitegemee. Toleo la 4 linaandikwa upya kwa Qt badala ya wxWidgets (zote ni zana za kuchora madirisha ya programu), na hapo mambo ya mwonekano ndiyo yanapotarajiwa kubadilika.

TonyMoshi
Wakuu hizi themu za giza Audacity wameleta juzi tu baada ya kampuni ya Muse Group kuichukua. Muse Group ndio walioitengeneza upya.

FundiLaini
Tony, turekebishe kidogo. Audacity ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1999, watu wakaanza kuipakua 2000. Themu nne za Classic, Light, Dark na High Contrast zilikuja na toleo la 2.2.0, Novemba 2017. Muse Group waliinunua 2021. Hao waliojitolea kabla yao ndio waliotupa giza hili.

TonyMoshi
Nimekupata mkuu, pamoja.

ProdyuzaMbagala
Nyie wa redio mnateseka. Njooni FL Studio, programu ya kutengeneza muziki. Tangu toleo la 21, Desemba 2022, unaingia Options, Theme settings, unasogeza vitelezi vya rangi, ukolezi, mwangaza na utofauti, unapata studio ya rangi unayotaka bila kupakua kitu. Kabla ya hapo watu tulikuwa tunabadilisha picha za ndani za programu kwa mkono. Na msiseme ni sifa za kupiga picha ya kioo na kuweka Instagram, mimi nina kazi nazo: rap naweka rangi baridi, singeli naweka rangi kali, nikifungua tu mwili unajua biti inataka kasi gani.

KijanaKisauni
Mbagala, hiyo singeli yako ya kasi hata ukiweka rangi ya maziwa itakimbia tu.

ProdyuzaMbagala
Itakimbia, lakini mimi nitakuwa nimeburudika.

BitiKali255
Tukiingia huko basi mfalme ni Reaper, programu ya kurekodi na kuhariri sauti ya kampuni ya Cockos. Mwanzilishi wa Cockos, Justin Frankel, ndiye aliyetengeneza Winamp, ile programu ya kuchezea muziki. Wa umri wangu mnakumbuka Winamp kwenye intaneti kafe, kila kompyuta ina ngozi yake. Ule moyo umo ndani ya Reaper: faili la themu linaishia ReaperThemeZip, unaliburuta juu ya dirisha, imekwisha. Ndani yake ni picha za PNG zenye mistari ya waridi ukingoni inayoiambia programu sehemu ipi inaruhusiwa kunyooshwa, pamoja na maandishi ya lugha yao iitwayo WALTER yanayopanga kila kitufe kikae wapi. Mtu anayejua anahamisha mita, anaficha asichotumia, anakuza kitufe cha kurekodi. Hiyo si rangi tena. Ni kupanga meza yako ya kazi upya.

MamaPodikasti
Ningependa kuonya hapa kwa sababu vijana wengi wanasoma. Kuna jirani yangu alipakua "themu ya bure" kwenye tovuti moja ya ovyo, faili likaishia exe. Alilibofya, kompyuta ikajaa virusi, akapoteza nyimbo alizorekodi na kwaya. Themu ya FL Studio inaishia flstheme. Ya Reaper mmeambiwa hapo juu. Ya Ableton Live inaishia ask, ukiifungua kwa programu ya kuandikia unakuta maandishi ya XML tu. Themu inayotaka isakinishwe kama programu, mtoto wangu, iache.

SautiBilaPicha
Habari zenu wote. Mimi sioni kabisa, nahariri kwa NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti, na kibodi. Nimeusoma uzi wote kwa sauti, na nimefurahi mzee ametaja masikio.

Kwangu rangi haina kazi, lakini mpangilio una kazi kubwa. Audacity inasomeka vizuri kwa kisoma skrini, ndiyo niliyoanzia. Reaper naitumia pamoja na kiendelezi cha OSARA, kilichoanzishwa na James Teh, mmoja wa wawili walioanzisha shirika linalotengeneza NVDA kule Australia. Mtu akinipa mradi wa Reaper hanipi themu yake, na hiyo ni neema: yeye abaki na weusi wake, mimi na sauti yangu, mradi ni ule ule.

Ninachotaka kumwambia mwenye uzi ni hiki. Mimi ninainua wageni kila siku, na fundi wetu hajawahi kuleta malalamiko, kwa sababu nasikiliza mtangazaji sekunde chache, mgeni sekunde chache, narudi, narudi tena. Jaribu kipindi kimoja umezima kioo wakati wa kusikiliza. Kama ukubwa utarudi ulivyokuwa, utajua ni macho.

DadaMawimbi
Hili ndilo jaribio ningelichagua kuliko yote yaliyotajwa. Asante sana.

RangiMbili
Mimi naona, ila nyekundu na kijani kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Upofu wa rangi wa namna hii unafuata kromosomu X ndiyo maana unatupata zaidi wanaume. Mita za sauti karibu zote duniani ni kijani, njano, nyekundu, kana kwamba waliotengeneza walikubaliana kutusahau. Kwenye Audacity nilihamia High Contrast. Sura yake haivutii, ila naona mipaka ya kila kitu. Pia ukiwasha Show Clipping kwenye View, panapopasuka sauti panachorwa mistari myekundu ambayo mimi siioni vizuri, kwa hiyo naenda Analyze, Find Clipping, inanibandikia lebo mahali penyewe. Lebo ni maandishi. Maandishi hayana rangi.

Mwenye uzi, je, vipindi vyako vinapasuka, au ni vikubwa tu?

MhaririKandaZiwa
Ni vikubwa tu, nimetumia Find Clipping sasa hivi, hakuna lebo hata moja. Nashukuru kwa njia hiyo, sikuwahi kuifungua.

FundiLaini
Naomba tarehe. Ulipobadili themu, ulisasisha na programu?

MhaririKandaZiwa
Ndiyo mkuu, wiki ile ile. Kijana wa ofisi alipandisha toleo, sasa ni 3.7, na ndipo nikaona hizo themu zimekaa vizuri nikabadili.

FundiLaini
Wakuu, tumezunguka mbali. Compressor iliyomo kwenye 3.7 ni mpya kabisa, iliingia toleo la 3.6 pamoja na Limiter, si ile ya matoleo ya kabla ya hapo. Vitelezi ni vingine na inavyoshika sauti ni kwingine. Mtu akiingiza namba zake za zamani kwa mazoea hapati matokeo ya zamani. Kilele kitabaki hasi 1, wastani utapanda. Themu na sasisho vilifika siku za karibu, akaona kilicho mbele ya macho. Galileo na Helmholtz wapumzike.

KijanaKisauni
Helmholtz hapumziki. Mwenye uzi alisema hatua "zile zile", na hatujui kama Compressor anaipitisha kabla au baada ya Envelope, wala kwa kiasi gani. Ukishusha toleo bila kubadili themu ndipo utakuwa umethibitisha.

Sikio_la_Tatu
Nami sijaacha langu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na bado hatujui kipi kina sehemu kubwa.

MtangazajiMstaafu
Kuna la tatu hamjaligusa. Amesema macho yametulia. Mhariri asiyechoka hukata vizuri: pumzi, "aaah", ukimya mrefu wa mgeni anayetafuta neno. Kipindi kilichobanwa hivyo kinasikika kikubwa kwa sababu hakina mahali pa kupumzikia. Fundi wenu anasikia msongamano, anauita sauti kubwa.

DadaMawimbi
Mzee wangu, kwa masikio nakubali, kwa kipimo hapana. LUFS ya kipindi kizima ina geti: ukimya, na vipande vilivyo chini ya wastani kwa zaidi ya vizio 10, havihesabiwi. Kukata ukimya hakupandishi namba kwa kiasi cha maana. Ila fundi wake hapimi LUFS, anatazama mita na kusikiliza, kwa hiyo sikutupi moja kwa moja.

NgomaBukavu
Na je, kwenye umeme wa sola, Dark inasaidia betri? Huku ndilo swali letu kubwa.

FundiLaini
Kwa laptopu nyingi za zamani, hapana. Kioo cha LCD kina taa nyuma inayowaka muda wote, rangi nyeusi ni kuziba mwanga tu. Vioo vya OLED ndivyo vinavyozima nukta nyeusi. Hata kwenye simu za OLED, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2021 walipima wakakuta mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50, kuhamia giza kunaokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu. Kwa LCD punguza mwangaza wa kioo, hapo utaona tofauti.

RangiMbili
Na mchana karibu na dirisha Dark inageuka kioo cha kujitazama, hasa skrini zile zinazong'aa. Mimi mchana Light, usiku High Contrast. Wenye astigmatizimu nao, maandishi meupe juu ya weusi huwaotea ukungu. Hakuna themu ya watu wote.

MhaririKandaZiwa
Wakuu nimewasoma wote. Nitafanya hivi: mahojiano mamoja mabichi, nitayahariri kwenye Dark, kwenye Light, na mara moja kioo kikiwa kimezimwa kama alivyosema SautiBilaPicha. Compressor sitaigusa katika yote matatu, halafu nitayarudia nikiwa nayo. Loudness nitapima kwa kila moja. Nikipata namba nitaziweka hapa. Themu yenyewe siiachi, macho yangu ni mali yangu.

FundiLaini
Anza na Compressor.

KijanaKisauni
Anza na kioo kilichozimwa.

MzeeWaUtepe
Na hayo mahojiano mabichi yahifadhi nakala kabla hujaanza kukata.

ProdyuzaMbagala
Samahani kutoka nje ya mada, kuna mwenye themu ya FL Studio yenye ile krimu ya VU aliyoitaja mzee? Nimejaribu kuitafuta kwa vitelezi inanitokea njano ya haradali.